Mgonjwa akijibu "nzuri": je, "pole" na "usijali" zetu zinamtuliza au zinamnyamazisha?

#1 ZamuYaUsiku

Salaam wanajukwaa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake, magonjwa ya ndani, katika hospitali ambayo sitaitaja, na huu ni mwaka wangu wa 9 kazini. Naleta swali lililoninyima raha kwa wiki mbili sasa.

Asubuhi hiyo nilikuwa namalizia zamu, nasukuma kitoroli cha vipimo kitanda hadi kitanda. Kitanda cha dirishani alikuwepo mama mmoja anayesubiri majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Nikamfunga mkanda wa mashine ya presha na kumwuliza habari za kuamka. Akajibu, "Nzuri." Nikamwuliza kama amelala. Akasema, "Nimelala, namshukuru Mungu. Ila…" Mashine ikalia, nikaandika namba, nikamwambia, "Usijali mama, utapona, pole," kisha nikahamia kitanda kilichofuata. Nilipogeuka nilimwona amejifunika khanga hadi kichwani. Mchana binti yake aliwaeleza wenzangu kwamba mama hakuwa amelala kwa siku 3, na alichotaka kuuliza kilikuwa kitu kidogo sana: amwite mwanawe aliyeko Mbeya sasa hivi, au asubiri kwanza majibu?

Hoja yangu ni kwamba katika Kiswahili "nzuri" si jibu, ni kizingiti cha nyumba. Mtu aliyelelewa vizuri hujibu "nzuri" hata akiwa anavuja damu, na habari yenyewe huja nyuma ya neno "ila". Sisi wauguzi tunaondoka kabla ya "ila" kumalizika, na tunaondoka kwa kutumia maneno matamu, yaani "pole", "usijali" na "utapona". Nadai kwamba maneno hayo matatu yanawanyamazisha wagonjwa kuliko ukali ambao watu hutulaumu nao kila siku. Nani anabisha?

#2 MkungaMstaafu

Nabisha mimi, tena kwa nusu. "Usijali" na "utapona" nakuachia uzitupe. "Pole" usiiguse.

Mtu akikukuta umebeba ndoo kichwani hukwambia pole, nawe hujibu "nimeshapoa", ingawa ndoo bado iko kichwani. Neno hilo halisemi kwamba mzigo umeisha. Linasema kwamba nimeuona. Mgonjwa anahitaji hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kosa lako, mwanangu, ni kwamba uliisema pole huku miguu yako inaelekea kitanda cha pili. Pole ya Kiswahili ina mkia: "Pole. Ilianzaje?" au "Pole. Usiku ulikuwaje?" Ukiukata mkia, inakuwa kama mtu anayekupa mkono huku anatazama pembeni.

#3 Diploma_MwakaWaPili

Shikamooni wakubwa. Nipo chuoni, na somo la mawasiliano kati ya muuguzi na mgonjwa tunalisoma kwa Kiingereza, tunafanyia mtihani kwa Kiingereza, kisha tunapelekwa wodini kuongea na watu kwa Kiswahili. Nafikiri tatizo linaanzia hapo. Kwenye mtihani jibu sahihi huwa ni kumwuliza mgonjwa hisia zake. Basi siku yangu ya kwanza ya mazoezi nilikaa mbele ya baba mmoja aliyekatwa vidole viwili vya mguu kwa ajili ya kisukari, nikamwuliza kwa umakini wote, "Unajisikiaje kuhusu hali hiyo?" Akanitazama, akasema, "Najisikia kichwa kinagonga kidogo, na choo sijapata tangu juzi."

Mwenye nadharia hii ni Hildegard Peplau, Mwingereza, aliyeandika mwaka 1952 kwamba uhusiano huo una hatua tatu. Yeye aliongea Kiingereza na wagonjwa wake. Sisi tunafanyaje?

#4 MwalimuWaWodini

Kijana, nakupongeza kwa hadithi ya choo, lakini hizo taarifa nyingine zitakugharimu alama. Peplau alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Pennsylvania mwaka 1909. Hatua alizozieleza mwanzoni zilikuwa nne, na waliokuja baadaye ndio waliozipunguza kuwa tatu ili zifundishike haraka. Mwaka 1952 umepatia, ila kazi yake ilikuwa tayari tangu 1948. Ilichelewa kwa sababu wakati ule haikuonekana sawa muuguzi kuchapisha bila jina la daktari pembeni yake. Kwa hiyo mwanamke aliyetufundisha kuwasikiliza wagonjwa alisubiri miaka minne yeye mwenyewe asikilizwe.

Na ugonjwa wa "usijali" si wa Waswahili. Florence Nightingale alilalamika mwaka 1859 kuhusu watu wanaomjaza mgonjwa matumaini ya mdomoni na ushauri asiouomba, kisha wakaenda zao wakijiona wamemfariji.

Kuhusu swali la hisia, Kiswahili kinalo, ila hakiliweki kwenye "kujisikia". Neno hilo wodini ni la mwili. Mimi huuliza, "Moyo unasemaje?" au "Ukiwa umelala hapa peke yako, unawaza nini?" Neno "kuwaza" linafungua mengi. Mtu wa kwetu anaweza kukataa kwamba ana hofu, lakini ni mara chache atakataa kwamba ana mawazo.

#5 Mtani_wa_Kijiweni

Mimi moyo wangu unasema nina njaa. Endeleeni, nasoma.

#6 KitandaNamba7

Naomba niseme kama mgonjwa, kwa sababu naona wataalamu mnaongea wenyewe kwa wenyewe. Nililazwa miezi miwili baada ya ajali ya bodaboda, mguu ukiwa umening'inizwa kwa mawe, sina pa kwenda. Nilipata muda wa kutosha kuwasoma wauguzi kama gazeti.

"Pole" haikunisumbua, na "usijali" pia haikunisumbua, maana nilijua ni salamu. Kilichonichoma ni "nakuja". Unamwita muuguzi, dripu imekwisha na damu imeanza kupanda kwenye mrija, anakujibu "nakuja", na haji. Mara ya tatu unajifunza kutomwita mtu. Kulikuwa na mmoja ambaye hakuwa mtamu wa maneno hata kidogo, tena uso wake ulikuwa mkavu, lakini akisema "nitarudi baada ya dakika 10" alirudi baada ya dakika 10, hata kama alirudi kuniambia kwamba bado hajapata nafasi. Huyo ndiye niliyemwambia kwamba nilikuwa nawaza kujimaliza kwa sababu ya madeni. Sikumwambia yule mwenye tabasamu.

#7 ZamuYaUsiku

KitandaNamba7, asante kwa kusema hilo hadharani, natumaini sasa uko vizuri. Sijawahi kulitazama kwa upande huo. Najiona kabisa mimi na "nakuja" zangu.

#8 Tabibu_wa_Zahanati

Mnazunguka mbuyu. Maelezo ni rahisi: wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wachache. Mleta uzi atuambie, usiku ule walikuwa wangapi?

#9 ZamuYaUsiku

Wawili, kwa vitanda 36, na wawili walilala chini kwenye magodoro.

#10 Tabibu_wa_Zahanati

Basi uzi umekwisha. Ukimpa kila mgonjwa dakika 5 za kumalizia "ila" yake, wa mwisho utamfikia baada ya saa 3. Muuguzi hawezi kulaumiwa kwa kukimbia ikiwa amepewa kazi ya kukimbia. Ongezeni watu, na mazungumzo yatakuja yenyewe.

#11 NesiWaSaikayatria

Kwa heshima zote Tabibu, uzi haujakwisha. Nimefanya kazi wodi yenye watu 36 na nimefanya kazi wodi yenye watu 8. Kwenye ile ya watu 8 tulikuwa tunakaa ofisini tunakunywa chai, na mgonjwa akija mlangoni tunamwambia "usijali". Muda ulikuwepo. Ninavyoamini mimi, tunakimbia kwa sababu tunaogopa kitakachokuja baada ya "ila". Mama wa kitanda cha dirishani angeuliza kama atakufa, wewe ungemjibu nini? Hatukufundishwa kukaa na swali lisilo na dawa, na mkono ukiwa hauna cha kufanya, mdomo huchukua kazi.

Nitoe mfano wa kwangu. Mgonjwa anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine huletwa na ndugu ambao wamekwisha kumjibu kwa njia mbili: "Hakuna sauti, acha ujinga," au, kwa kumwonea huruma, "Ndiyo, hata sisi tunazisikia." Zote mbili zinamfukuza. Tunachofundishwa, na ambacho nimekiona kikifanya kazi, ni kusema ukweli wa pande zote: "Mimi sizisikii, lakini naona wewe unazisikia, na naona zinakutisha. Zinasemaje?" Swali la mwisho ndilo watu wanaloliruka, ilhali ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu sauti inaweza kuwa inamwamrisha ajidhuru au amdhuru mtu mwingine. Usipouliza, hutajua.

Na hapo nimwunge mkono KitandaNamba7. Kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Hilo limechunguzwa kwa muda mrefu na wataalamu wa afya ya akili wanakubaliana nalo. Mara nyingi humpa nafuu ya kutobeba siri peke yake.

#12 BintiWaMwambao

Wa saikayatria, hapo napata shida. Neno lenyewe kwetu ni zito mno. Nikimwuliza mzee wa Kiislamu, au mzee yeyote, "Umewahi kufikiria kujiua?", ataona nimemtukana yeye na imani yake, na mazungumzo yataishia hapo hapo.

#13 NesiWaSaikayatria

Uko sahihi kwamba mlango haufunguliwi kwa teke. Mimi hupitia kwa wengine kwanza: "Wapo watu wakichoka sana hutamani walale wasiamke. Je, wewe imewahi kukujia?" Akitikisa kichwa kukubali, ndipo nasogea hatua moja na kuuliza kama amewahi kufikiria namna ya kufanya, na kama hicho kitu anacho nyumbani, iwe ni sumu ya panya, dawa za shambani au kamba. Mafumbo ni ya kuingilia tu. Ukibaki kwenye mafumbo hadi mwisho hutajua kama umruhusu aende nyumbani au umweke karibu na meza ya wauguzi.

#14 MkungaMstaafu

Sasa nizungumzie kwetu, chumba cha kujifungulia, kwa sababu naona mnataja hofu.

Kuna neno baya kuliko "usijali", nalo ni "Mungu atakupa mwingine". Husemwa na wote: sisi, mama mkwe, wageni wa wodini, hata mfagiaji. Nililisema kwa miaka mingi bila kufikiri. Kisha siku moja binti mmoja, mimba ya kwanza, miezi 9 imetimia, mtoto alitoka ameshakufa. Nikamwambia hivyo. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Nimekusikia mama, lakini mimi nilimtaka huyu."

Tangu siku hiyo nilibadili. Nilimwuliza kama angependa kumwona. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani hakunisikia, kisha akasema ndiyo. Nilimfuta mtoto, nikamfunga kwenye kitenge kile kile alichokuja nacho mama yake na si kwenye kipande cha gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, nikamweka mikononi mwake. Alimfunua miguu, akahesabu vidole, vyote 10, kwa sauti ndogo. Halafu akasema anafanana na kaka yake. Nilikaa pale sina neno. Wakati mwingine nadhani hiyo ndiyo kazi bora niliyoifanya katika miaka yangu yote, na hakuna mahali pa kuiandika kwenye faili.

#15 BintiWaMwambao

Mama, umenitoa machozi, lakini niruhusu nipinge. Kwetu sivyo. Akitokea mtoto wa hivyo, wakubwa wa familia humchukua haraka na kumzika, na mama haonyeshwi kwa sababu inaaminika kwamba picha hiyo itamkaa na kumwumiza. Nilipata msiba huo mimi mwenyewe. Shangazi yangu hakuniruhusu nimwone, na hadi leo namshukuru. Kama muuguzi angeniuliza wakati ule nikiwa nimechanganyikiwa, pengine ningekubali na ningejuta.

#16 MkungaMstaafu

Sikulazimisha, mwanangu, niliuliza. Lakini nakubali kwamba swali lenyewe nalo lina uzito. Mwenye kuulizwa hawezi tena kuwa kama ambaye hakuulizwa.

#17 MwalimuWaWodini

Posti ya 14 na ya 15 zisomwe pamoja na wanafunzi wote. Niongeze jambo moja tu: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu huduma wakati wa uchungu na kujifungua, na mojawapo ni kwamba mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kukaa naye. Shangazi wa BintiWaMwambao angekuwa ndani ya chumba tangu mwanzo, mkunga angeongea na wote wawili, na mzigo wa kuamua usingemwangukia aliyechanganyikiwa.

#18 Tabibu_wa_Zahanati

Angekaa wapi huyo shangazi? Vyumba vingi ninavyovijua vitanda vimepangwa kama viti vya daladala, bila pazia kati yao. Mnaongelea maneno, mimi naongelea mbao na vitambaa. Mgonjwa hawezi kumalizia "ila" yake kama jirani yuko umbali wa mkono mmoja na amenyoosha shingo.

#19 Mayu_wa_Shinyanga

Mwangaluka. Nimesoma yote na naona wote mnadhani mgonjwa anaongea Kiswahili.

Kituo changu kinahudumia watu wa vijijini, na wanawake wengi wazee wanaongea Kisukuma pekee. Anayetafsiri huwa ni mume au mkwe. Namwuliza mwanamke mara ya mwisho kuona siku zake, mume anajibu moja kwa moja bila hata kumgeukia. Namwuliza kama amewahi kuharibikiwa mimba, mume anasema hapana, na mwanamke anatazama chini. Siku moja nilimtuma mume dirisha la dawa kwa makusudi, nikabaki na mwanamke pamoja na mfagiaji wetu anayejua lugha. Kumbe mimba zilizoharibika zilikuwa 2, na mume hakuambiwa kwa sababu mama mkwe alikuwa ameanza kumtafutia mwanawe mke mwingine.

Kwa hiyo mimi nasema maelezo yenu yote ni ya mjini. Kwangu tatizo ni nani anashika ulimi wa mgonjwa.

#20 Mwanasheria_Mpole

Mayu, umefanya kazi nzuri, ila nakuonya kwa upole kuhusu mfagiaji. Jioni anarudi kijijini na siri ile kichwani mwake, na yeye hana kiapo cha taaluma. Ingekuwa ni majibu ya VVU, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu yabaki siri, na kuna adhabu kwa anayeyavujisha.

#21 Mayu_wa_Shinyanga

Nimekusikia, mwanasheria. Nipe mkalimani mwenye kiapo, nami nitamwacha mfagiaji afagie. Kwa sasa tunachofanya ni kumkalisha pembeni yangu badala ya katikati, namtazama mgonjwa usoni na si yeye, na kabla ya kuanza namwambia mbele ya mgonjwa kwamba atakachosikia humu kinabaki humu. Ni uzi mwembamba, lakini ndio tulio nao. Nimejifunza pia salamu za watu wa jirani. Mama wa Kimaasai nikimwambia "takwenya" na yeye akajibu "iko", nusu ya kazi imekwisha hata kama maneno yangu yameishia hapo.

#22 Mkenya_Mtulivu

Salamu kutoka Nakuru. Sisi huku bara "shikamoo" hatuitumii sana, na naona nyinyi Watanzania mna bahati kwa hilo, kwa sababu muuguzi wa miaka 24 akimwamkia mzee wa miaka 70, mamlaka yanageuka kidogo: mzee anatoa "marahaba" yake na anakumbuka kwamba bado ni mtu. Huku kwetu mzee huitwa "guka", yaani babu kwa Kikuyu, au "mzee" tu na muuguzi asiyemjua, na mara nyingine huongeleshwa kama mtoto: "Tumekunywa dawa? Tumeoga?" Hayo ya "tumekunywa" nayachukia sana. Nani amekunywa?

#23 Diploma_MwakaWaPili

Mkuu, hata huku yapo, na kuna shida nyingine. Nimemwamkia mzee shikamoo, nimemwita babu, ameniita mjukuu. Dakika 10 baadaye natakiwa nimwekee mpira wa mkojo. Babu akagoma kabisa: "Mjukuu wangu anishike huko?" Sasa undugu wa lugha umenisaidia au umeniponza?

#24 Mtani_wa_Kijiweni

Hapo umeponzwa, mjukuu. Nimecheka hadi watu wa daladala wamenigeukia.

#25 MwalimuWaWodini

Lipo jibu, ingawa si kamili. Unapobadili kazi, badili na sauti. Mwambie kabla hujagusa kitu: "Babu, sasa naomba nifanye kazi ya uuguzi. Nitafunika hapa na hapa, utasikia ubaridi, ukitaka nisimame sema." Kama yupo muuguzi wa kiume, mpe nafasi ya kuchagua. Wengine hukubali mara tu wanapoona kwamba mjukuu ametoka na muuguzi ameingia. Wengine hawakubali, na wana haki.

#26 Msafiri_Muscat

Naandika kutoka Oman, ninakotunza wazee majumbani. Hapa wapo wazee waliozaliwa Unguja na Pemba wakaja huku baada ya mapinduzi ya 1964, na bado Kiswahili ni lugha ya ndani ya nyumba. Bibi ninayemtunza amepoteza kumbukumbu. Kiarabu chake kinapungua kila mwezi, Kiswahili cha utotoni ndicho kinachobaki. Jua likielekea kuzama huvaa buibui na kusema anakwenda kwa mama yake, Mkunazini. Wanawe walikuwa wakimwambia kwamba mama yake amekufa zamani, na kila jioni alilia kama ndiyo kwanza anapata habari ya msiba.

Mimi simwambii kwamba mama yake yuko hai, na simwambii kwamba amekufa. Huuliza, "Mama alikuwa akipika nini jioni?" Hapo huketi, ananieleza mkate wa kumimina, namna ya kutia hiliki, namna ya kupalia moto juu na chini, na safari inasahaulika. Mleta uzi, hapa "pole" haina kazi na "usijali" haina kazi. Ni swali tu, na Kiswahili cha Unguja cha zamani ambacho hata mimi nalazimika kukifikiria.

#27 Mama_Mapacha

Mmesahau watoto. Wauguzi, tafadhali acheni kusema "haiumi". Mwanangu wa miaka 4 aliambiwa haiumi, akachomwa, na tangu siku hiyo akiona koti jeupe hata la muuza nyama analia. Wa pili alikutana na muuguzi aliyemwambia, "Itauma kama siafu, tutahesabu mpaka tano, halafu imekwisha." Alilia, lakini ilipofika tano alinyamaza na akamwambia ndugu yake kwamba muuguzi yule hasemi uongo.

#28 ZamuYaUsiku

Mama Mapacha, tumekubali kosa, lakini na nyie wazazi muache ile ya "ukilia nesi atakuja akuchome sindano". Mnatuharibia kabla hatujafika.

#29 Mama_Mapacha

Hilo limenipata. Nimelisema jana tu.

#30 ZamuYaUsiku

Nimerudi baada ya zamu 2, nikiwa na ripoti. Nilijaribu kusubiri "ila" kama nilivyodai mwenyewe. Bibi wa kitanda cha 4 nilimwuliza habari za jioni, akasema nzuri. Nikanyamaza, nikahesabu moyoni nikilenga 10. Nilipofika 7 alinishika mkono na kusema, "Mjukuu wangu, mbona unanitazama hivyo? Majibu yangu yametoka mabaya?" Ilinichukua dakika nzima kumtoa hofu, na katika dakika hiyo nilijikuta nimesema "usijali" mara 3.

#31 MkungaMstaafu

Ulikuwa umesimama?

#32 ZamuYaUsiku

Nilisimama, na faili mkononi.

#33 MkungaMstaafu

Ndiyo maana. Mtu aliyesimama na faili kisha akanyamaza ni hakimu. Weka faili chini, keti, ndipo unyamaze.

#34 Diploma_MwakaWaPili

Aketi wapi, mama? Kitandani kwa mgonjwa tumekatazwa kwa ajili ya maambukizi, na kiti cha wodi kikiwepo basi kimekaliwa na ndugu.

#35 KitandaNamba7

Ndoo. Kila mgonjwa ana ndoo yake ya kuogea chini ya kitanda. Yule niliyewaambia, wa dakika 10, alikuwa akiigeuza yangu na kuikalia, magoti yamepanda hadi karibu na kidevu.

#36 ZamuYaUsiku

Naingia zamu saa 1 usiku. Nitaangalia chini ya kitanda cha 4.